Historia Yetu Iko Njiani, Tuifuate kwa Baiskeli

Wahenga walisema tembea uone. Hawakusema panda basi ulale ndipo uone. Nasema hivi kwa sababu kila mwaka, ufikapo muhula wa pili, tangazo hubandikwa ubaoni kwamba kuna safari ya masomo, na kila mwaka mambo huwa ni yale yale. Waliomaliza karo na wenye pesa za ziada huandikisha majina. Basi hujaa. Husafiri saa tano kwenda na saa tano kurudi, wengi wao wakiwa wamelala vinywa wazi, hufika mahali, hupigwa picha, hununua soda, hurudi. Sisi tunaobaki, na katika shule ya kutwa kama hii yetu tunaobaki ndio wengi, tunaambiwa tuandike insha kuhusu safari ambayo hatukwenda.

Siandiki haya kwa sababu ya wivu. Maoni yangu ni kwamba shule iliyozungukwa na historia kama hii yetu haina haja ya kukodi basi kila mwaka. Kutoka mji wa Kikuyu, kupitia Thogoto, Limuru, Kamirithu, Tigoni na Lari, mpaka Kijabe kwenye ukingo wa Bonde la Ufa, kuna njia ya kama kilomita hamsini hivi ambayo ni kitabu kizima cha historia ya Kenya. Njia hiyo inafaa kupitwa kwa baiskeli. Na ili tuipite kwa baiskeli bila kurudishwa nyumbani tumebebwa, kuna mambo ambayo sisi wenyewe, walimu wetu na wale wanaojenga barabara tunapaswa kuyafanya sasa, si kesho.

Mtauliza, kwa nini baiskeli? Gari hukimbia mno. Ukiwa ndani ya matatu kutoka Kikuyu hadi Limuru, unachokiona ni kisogo cha abiria aliye mbele yako, na unachokisikia ni makanga na redio. Miguu nayo ni mizuri, lakini kilomita hamsini kwa miguu ni adhabu. Baiskeli imekaa katikati. Inakwenda kasi ya kutosha kukufikisha na polepole ya kutosha kukuonyesha. Tena nchi yetu hii ni ya matuta. Unateremka hadi mtoni, unapanda hadi kanisani, unateremka tena hadi mto mwingine, unapanda hadi sokoni. Wakati wa kupanda wengi wetu hushuka tukasukuma, na hapo ndipo faida yenyewe ilipo. Mtu anayesukuma baiskeli mlimani hana budi kuwasalimu watu. Mzee aliyeketi nje ya duka atakuuliza, "Wewe ni mtoto wa nani?" Ukishamjibu, hakuachi uende kabla hajakueleza shamba lile lilikuwa la nani na mzungu wake aliondoka lini. Nani aliwahi kulisimamisha basi akaliuliza ni mtoto wa nani?

Sasa hebu tuifuate njia yenyewe, kituo baada ya kituo, ili msidhani napiga domo tu.

Tuanzie Kikuyu. Karibu na mji huo kuna Thogoto, mahali ambapo wamisionari wa Kanisa la Scotland walijenga makao yao baada ya kuhamia sehemu za Kikuyu mwaka 1898 wakitoka Kibwezi. Husemekana kwamba jina lenyewe, Thogoto, ni neno Scotland katika ulimi wa Wakikuyu wa siku hizo. Jomo Kenyatta alisoma katika misheni hiyo akiwa kijana, na hapo akabatizwa mwaka 1914. Shule ya Upili ya Alliance ilifunguliwa papo hapo Kikuyu mwaka 1926. Kila mwanafunzi wa Kenya anaijua Alliance kwa ajili ya matokeo ya mtihani, lakini ni wangapi kati yetu, tunaoishi karibu hivi, tumewahi kusimama mbele ya lango lake tukajiuliza kwa nini shule hiyo ilijengwa pale na si kwingine? Ukipita kwa baiskeli unaliona jibu kwa macho. Misheni, hospitali, kanisa, shule na reli vyote vimekaribiana. Mahali penye misheni na reli ndipo elimu ilipotangulia, na mahali ambapo havikufika palichelewa. Hilo ni swali la mtihani, na jibu lake liko barabarani.

Hapo hapo Kikuyu kuna kijiji kiitwacho Mai-a-Ihii. Wapenzi wa michezo wanalijua jina hilo, maana ndiko David Kinjah, mwendesha baiskeli wa Kenya, alikofanya makao na kuwafundisha vijana wengi mchezo huu. Mmoja wa vijana hao alikuwa Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1985. Froome aliiwakilisha Kenya katika Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Melbourne mwaka 2006, kisha akaanza kushindania Uingereza, akashinda mashindano ya Tour de France mwaka 2013, 2015, 2016 na 2017. Mara nne! Hebu fikirini. Matuta haya tunayoyalaani kila asubuhi tukija shule, mtu aliyajifunzia akaenda kuwashinda wakubwa wa dunia huko Ufaransa.

Kutoka Kikuyu kwenda Limuru ni kupanda. Reli ya Uganda, iliyofika Kisumu mwaka 1901, ilipanda matuta haya haya kabla ya kuteremka Bonde la Ufa. Limuru yenyewe iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na anayeijua mwezi wa Julai anajua kwamba ukungu wake unaweza kumficha punda na mkokoteni wake mpaka umgonge. Hapo mnakutana na wafanyakazi wa kiwanda cha viatu cha Bata, wauza makaa, wenye mboga, na baiskeli nyingi, hasa zile nyeusi za kizamani tunazoziita blaki mamba, zikiwa zimebeba maziwa, majani ya ng'ombe, na wakati mwingine kitanda kizima.

Kando tu ya Limuru kuna Kamirithu. Wengi hulijua jina hilo kwa ajili ya marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyetuacha mwezi Mei 2025. Mwaka 1977 wanakijiji wa hapo, wakulima na wafanyakazi wa viwandani, walijijengea jukwaa la wazi wakaigiza Ngaahika Ndeenda, mchezo ulioandikwa na Ngũgĩ wa Thiong'o pamoja na Ngũgĩ wa Mirii. Baada ya muda mfupi serikali ikaupiga marufuku, na mwishoni mwa mwaka huo Ngũgĩ wa Thiong'o akatiwa kizuizini bila kushtakiwa. Mwaka 1982 jukwaa lenyewe likabomolewa. Sisi wanachama wa Chama cha Kiswahili, tunaopenda maigizo kufa, tuna haki ya kwenda kusimama mahali ambapo mchezo wa kuigiza uliitikisa serikali.

Lakini kuna jambo jingine kuhusu Kamirithu ambalo halitajwi sana. Kilikuwa kijiji cha dharura. Kuanzia mwaka 1954, wakati wa Hali ya Hatari, serikali ya kikoloni iliwalazimisha watu zaidi ya milioni moja wa Mkoa wa Kati kuacha maboma yao na kuhamia katika vijiji vipatavyo mia nane. Nyumba zilipangwa kwa mistari, handaki likachimbwa kuzunguka, na walinzi wakawekwa. Nyanya yangu aliingizwa katika kijiji kimoja cha namna hiyo akiwa mtoto mdogo. Anasema anachokumbuka zaidi ni kwamba nyumba zote zilifanana hata mtoto akipotea hakujua mlango wa mama yake ni upi. Sasa, ukipita katika vijiji vyetu vingi kwa baiskeli, angalia jinsi plotí zilivyo ndogo na zilivyonyooka kwa mstari, kisha angalia mashamba yaliyo nje yalivyo makubwa. Kumbe mpangilio wa kijiji unachokiona ni alama ya amri ya mwaka 1954! Mimi nimepita katika kijiji kama hicho miaka yote nikienda dukani bila kuelezwa jambo hilo darasani.

Kutoka Limuru ukakata kuelekea Tigoni, unaingia katika majani chai. Chai ya kwanza nchini Kenya ilipandwa sehemu hizi za Limuru mwaka 1903. (Mwaka huo huo ndio Wafaransa walipoanzisha Tour de France, na ndio wamisionari wa Africa Inland Mission walipofika Kijabe. Anayetaka kukumbuka tarehe basi ana bahati: tatu kwa bei ya moja.) Majani chai ni mazuri kutazama. Yametandazwa juu ya vilima kama zulia, na barabara inapita katikati ikipinda na kujipinda. Mtu wa gari husema, "Pazuri jamani," akapita.

Mtu wa baiskeli naye hana budi kurudi Limuru na kupanda kwenda Lari, na hapa naomba mnisikilize vizuri, kwa maana hili ndilo lililonifanya nichukue kalamu. Katika kitabu cha historia, Tigoni iko katika sura ya kilimo cha walowezi. Lari iko katika sura ya Mau Mau. Kati ya sura hizo mbili kuna kurasa nyingi, na tunazisoma katika mihula tofauti kana kwamba hazijuani. Lakini Waafrika waliokuwa na ardhi Tigoni walizungukwa na mashamba ya wazungu, na Tume ya Ardhi ya Carter, iliyotoa ripoti yake mwaka 1934, ilipendekeza wahamishwe wapewe ardhi mahali pengine. Kufikia mwanzo wa miaka ya 1940 walikuwa wamehamishwa, wengine wakapelekwa Lari. Kuna waliokubali na kuna waliokataa mpaka mwisho. Kuna waliopata ardhi Lari na kuna waliokosa, na kuna waliosema kwamba ardhi hiyo ya Lari ilikuwa yao tangu zamani. Uchungu huo haukuisha. Usiku wa tarehe 26 Machi 1953, wapiganaji wa Mau Mau waliwashambulia watu wa Lari waliohesabiwa kuwa upande wa serikali, nyumba zikachomwa, na waliokufa wengi wao walikuwa wanawake na watoto. Baadaye vikosi vya serikali na homugadi wakalipiza kisasi, na wengine wengi wakauawa. Mimi si hakimu wa kuamua nani alikuwa na haki usiku ule. Ninachosema ni kwamba sura ya chai na sura ya damu ni habari moja, na kinachoziunganisha ni barabara.

Na baiskeli hukufundisha jambo jingine ambalo mwalimu hawezi kuliandika ubaoni. Kutoka Tigoni kwenda Lari ni kupanda, tena baridi inazidi kadiri unavyokwenda. Kitabu kinasema "wakahamishwa". Ni neno moja tu, unalisoma kwa pumzi moja. Lakini ukiwa juu ya baiskeli, mapaja yanawaka moto, jasho linakuingia machoni na upepo wa Lari unakupiga kifuani, halafu ukikumbuka kwamba familia ziliacha makaburi ya wazee wao zikaenda kuanza upya huku juu kwenye baridi, neno lile linabadilika. Tangu siku nilipoupanda mlima huo na binamu yangu, siwezi tena kuandika "wakahamishwa" katika insha bila kusita kidogo.

Kutoka Lari unapita Kimende, ambako wanauza plamu na viazi kando ya barabara na Bonde la Ufa linafunguka ghafla chini yako, kisha unaiacha barabara kuu na kuteremkia Kijabe. Kwenye misheni hiyo, Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu katika urais wa Marekani, aliweka jiwe la msingi la jengo la shule mwaka 1909. Ukiketi hapo ukala muhogo wako au mkate, mlima Longonot uko mbele ya macho yako. Hakuna jumba la makumbusho lenye dirisha kama hilo.

Najua pingamizi zitakuwa nyingi. Wacha nizijibu moja baada ya nyingine.

Pingamizi la kwanza ni la aibu. Wanafunzi wenzangu, tuambiane ukweli. Mtu akija shule kwa baiskeli tunamcheka. Tunamwita muuza maziwa. Akija kwa boda boda ya pikipiki, hata kama nauli ni ya kukopa, tunamwona mtu wa maana. Ati baiskeli ni ya maskini! Basi tuwaulize watu wa Rwanda. Mwezi Septemba 2025, mji wa Kigali uliandaa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, na ilikuwa mara ya kwanza mashindano hayo kufanyika katika bara la Afrika. Rwanda huitwa nchi ya vilima elfu. Hawakuvionea haya vilima vyao, waliviita wageni wa dunia nzima waje wavipande. Mwaka 2024, Biniam Girmay wa Eritrea alishinda hatua tatu za Tour de France na kuvaa jezi ya kijani hadi Nice, mashindano yalipomalizika mwaka huo. Hapa kwetu tulikuwa na Sule Kangangi, mwendesha baiskeli hodari aliyefariki mwezi Agosti 2022 akishindana katika jimbo la Vermont, Marekani, baada ya kufanya kazi kubwa ya kuwafungulia njia vijana wa Afrika Mashariki. Wote hao ni Waafrika wenzetu, na baiskeli haikuwashusha heshima. Usione vyaelea, vimeundwa.

Pingamizi la pili ni kwamba msichana hapaswi kuendesha baiskeli. Mimi ni msichana na huja shule kwa baiskeli, ile aliyokuwa baba akipelekea maziwa. Nimeshaambiwa kila neno. Nimeambiwa nitakosa adabu, nimeambiwa sketi itashikwa na mnyororo, nimeambiwa nitakosa mume. Kuhusu sketi, mnyororo una kifuniko chake, na suruali ya michezo huvaliwa ndani. Kuhusu mume, nina miaka kumi na sita, jamani, niacheni nimalize kidato cha nne kwanza. Ninachojua ni kwamba baiskeli imenipunguzia mwendo wa saa moja na robo ukawa dakika ishirini na tano, na dakika hizo zilizobaki nazisomea. Msichana anayetembea gizani asubuhi ana hatari zake pia, na sijasikia mtu akizitaja kwa sauti ile ile anayotajia sketi.

Pingamizi la tatu ni silabasi. Walimu wetu mtasema hakuna wakati. Lakini njia hii haina lazima ipitwe siku moja. Tuigawe mara tatu, Jumamosi tatu katika mwaka: Kikuyu na Thogoto mpaka Limuru mara ya kwanza, Kamirithu na Tigoni mara ya pili, Lari na Kijabe mara ya tatu. Aliye na baiskeli aje nayo, asiye nayo apokezane na mwenzake, mmoja akiendesha mwingine akitembea na kumhoji mzee. Haba na haba hujaza kibaba. Pesa za kukodi basi mara moja zinaweza kununua tyubu, viraka na pampu za kutosha chama kizima.

Pingamizi la nne ndilo zito, na silidharau. Ni hatari. Barabara zetu nyingi ni nyembamba, na ukingo wa lami umeliwa na mvua hata umekuwa kama ngazi. Dereva akikupigia honi nyuma, una mambo mawili tu ya kuchagua, ugongwe au uanguke mtaroni. Mwaka jana mwenzetu mmoja alisukumwa hadi mtaroni na gari ambalo halikusimama, akakaa nyumbani muhula mzima na mguu ndani ya plasta. Barabara ya chini inayoteremka Mai Mahiu, ambayo mateka wa Kitaliano waliijenga wakati wa Vita vya Pili vya Dunia na kando yake wakajenga kikanisa kidogo mwaka 1942, ningependa sana tuifikie. Lakini nasema wazi kwamba kwa baiskeli tusiijaribu, maana malori hapo hayana huruma.

Je, kwa kuwa ni hatari tuache? Hapana. Hatari hiyo haikuletwa na baiskeli. Wanafunzi wa kutwa, wauza maziwa, mafundi na akina mama wa sokoni wanapita humo humo kila siku, safari ya masomo iwepo au isiwepo. Mwezi Novemba 2025 ilizinduliwa kazi ya kuipanua barabara kuu kutoka Rironi, hapa hapa kwetu, hadi Mau Summit. Barabara hiyo itakuwa pana na magari yatakwenda kasi zaidi. Swali langu kwa wakubwa ni moja tu: mwenye baiskeli atapita wapi? Barabara ikishamalizika na vyuma vikishawekwa pembeni, hakuna atakayerudi kumtafutia mwendesha baiskeli nafasi. Wakati wa kusema ni huu, na anayenyamaza sasa asije akalalamika baadaye.

Kwa hiyo napendekeza mambo manne. La kwanza, Chama cha Kiswahili kishirikiane na Chama cha Historia, tuipite njia hii kwa sehemu tatu kama nilivyoeleza, mwalimu mmoja akiwa mbele na mwingine nyuma, tukipita barabara za vijijini na kuiepuka barabara kuu kila panapowezekana. La pili, shule itujengee kibanda cha baiskeli, hata cha mabati machache, na tupewe pembe moja ya karakana ya kuzibia panchari. Fundi wa pale sokoni akitufundisha Jumamosi moja tu, tutajua kukaza breki na kunyoosha spoki wenyewe. La tatu, tuandike barua kwa serikali ya kaunti na kwa wanaosimamia ujenzi wa barabara, barua ya Kiswahili sanifu yenye sahihi zetu zote, tuombe ukingo wa lami wenye upana wa kutosha na vibao vya kueleza historia ya kila kijiji. Wakitujibu au wasitujibu, tutakuwa tumesema.

La nne ndilo la haraka kuliko yote. Aliyekuwa na miaka kumi mwaka 1953 sasa amepita themanini. Wanaoukumbuka usiku wa Lari, wanaokumbuka handaki la kijiji, wanaojua ni nani aliyekuwa akiishi Tigoni kabla ya kuhamishwa, wanapungua kila msimu wa baridi. Mwaka huu peke yake, katika kanisa letu, nimehesabu mazishi ya wazee saba. Hawa hawako katika majumba ya makumbusho ya mbali ambako basi letu huenda. Wako juu ya matuta, nje ya maduka, kwenye vituo vya maziwa, wakingoja mtu wa kuwauliza. Kila mmoja wetu akipanda tuta moja akaongea na mzee mmoja, akayaandika kwa Kiswahili, gazeti hili la mwakani litakuwa na kitu ambacho hakimo katika kitabu chochote cha kiada.

Baiskeli yangu haina gia, na kengele yake ililia mara ya mwisho kabla sijaingia kidato cha kwanza. Lakini matairi yana pumzi. Yeyote atakayekuwa tayari Jumamosi ya kwanza ya likizo, tukutane kwenye lango la shule saa moja asubuhi, aje na maji, kalamu na daftari. Penye nia pana njia, na njia tayari tunayo.

Kiswahili kitukuzwe.